Kuku Sita na Mgeni Mmoja

Nabintu alipanda boti ya usiku kwenda Goma,
binti yetu amejifungua, wa kiume, kilo tatu na kitu.
Akaniachia ufunguo, chumvi, nusu gunia la makaa
na kuku sita.
Alinieleza mengi juu yao pale mlangoni.
Mimi nilikuwa natafuta miwani.

Leo siku ya tisa. Yule mweusi asiye na manyoya shingoni
amesimama kando ya pipa la mvua,
mbawa zimemlegea kama koti la kuazima.
Anapumua mdomo wazi. Kinyesi chake kijani,
rangi ya sombe iliyolala.
Jina lake silijui. Najua analo:
nimemsikia Nabintu akimwita alfajiri
kwa sauti ambayo kwangu mimi
ameiweka kabatini siku nyingi.

Hesabu, hiyo naijua. Miaka ishirini na sita
nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kwinini.
Kuku mzima, soko la Kadutu: faranga elfu ishirini na tano.
Veterineri wa Nyawera: elfu kumi, kumtazama tu,
sindano mbali. Pikipiki kushuka, pikipiki kupanda,
na mvua ikinyesha Cimpunda vijana huongeza bei
kwa ajili ya utelezi, na wana haki.
Nikajumlisha toka juu kwenda chini,
kisha toka chini kwenda juu, tulivyofundishwa kukagua.
Mara zote mbili kuku alishindwa.

Mama Cibalonza akachungulia juu ya ua:
"Chinja, baba, angali na pumzi.
Kibudu hakiingii chungu cha mtu."
Zihalirwa, fundi viatu, akaja na dawa ya mama yake wa Walungu:
pilipili, majivu, kijiko cha mawese,
kuku walikuwa wanapona.
Nikamuuliza, wote?
Akageuza kiatu mkononi, akatazama soli.
"Wale waliopona."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema.
Hapa wenyeji ni wao. Kamba ni yangu,
imenifunga kwenye kiti cha plastiki tangu saa moja,
nikiwatazama wale watano
wakinywa, mmoja mmoja, kwenye beseni lake.

Beseni lake.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Nabintu mtoto analia vizuri.
"Na kuku?"
"Wapo," nikasema.
Si uongo. Ni neno la karani.

Basi nisijisifu kwamba ni huruma.
Nilimfunga kwa sweta langu la kijivu,
nikamtia kwenye kikapu cha Nabintu,
nikashuka kwa miguu ngazi za udongo mwekundu
nikishika kuta za watu.
Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokisia, na wa moto
kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Kijana mmoja akauliza, "Mzee, unauza?"
Nikamjibu hapana, kwa ukali hata mimi nikashtuka.

Veterineri ni binti wa mabuti ya mpira, anaitwa Nsimire.
Ameacha kula lini? Alichanjwa lini?
Anataga? Ana umri gani?
Maswali manne. Nikatazama sweta.
Akamfunua kope, akamsikiliza kifua,
akasema polepole, kama mtu anayevuka tope:
"Huyu sikuahidi kitu. Pengine ni kideri.
Wale watano nitakuja kuwaona kesho.
Usiku huu watenge. Osha kila chombo."
Akapokea elfu sita. Sikuuliza kwa nini.

Sasa ni saa nne za usiku. Watano wamo chumbani kwetu,
upande wa kitanda wa Nabintu, hilo nitalijibu Jumamosi.
Mweusi yuko nami jikoni, ndani ya kikapu.
Najaribu majina.
Nimejaribu la mama mkwe. Nimejaribu Faida, Zawadi,
nimejaribu la binti yetu alipokuwa mdogo.
Kwa hilo alifungua jicho moja,
akanitazama,
akafumba.
Labda ni moshi.